«Maji iko»: Kiswahili cha kutafuta nyumba Butembo

Anayetafuta nyumba ya kulipa mjini Butembo husikia neno moja kabla ya mengine yote: iko. «Nyumba iko.» «Maji iko.» «Choo iko.» «Umeme iko, inategemea tu.» Komisioneri analitamka huku ameshika simu kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili anasimamisha pikipiki, nawe unapanda kwa sababu umesikia iko. Baada ya nusu saa mnasimama juu ya kilima, mahali pikipiki imeshindwa kupita, na unaonyeshwa mlango. Maji yanapatikana chini bondeni, kwenye chemchemi ambapo watoto wa avenyu nzima wamepanga bidoni zao. Ukilalamika, komisioneri anashangaa. Yeye hakudanganya. Maji iko.

Mwalimu wetu wa sarufi alitufundisha mwaka wa kwanza kwamba Kiswahili sanifu kina viambishi vitatu vya mahali: -po kwa mahali panapojulikana wazi, -ko kwa mahali pasipo dhahiri, na -mo kwa ndani. Maji yapo, maji yako, maji yamo: kila jibu linampeleka mtu mahali pengine. Kiswahili chetu cha Butembo na Beni kimeacha viwili vya pembeni na kubaki na iko peke yake, tena bila kujali ngeli. Maji iko, watu iko, makuta iko. Sisemi kwamba ni kosa. Lugha hupunguza mzigo pale inapoweza, na sokoni hakuna anayepotea kwa ajili hiyo. Lakini katika kutafuta nyumba, tofauti kati ya yamo na yako ni tofauti kati ya robine jikoni na bidoni ya lita 20 kichwani kila asubuhi. Nilijifunza kwa miguu, si kwa daftari, kwamba mpangaji wa hapa inampasa kuuliza: «Iko wapi? Nionyeshe kwa mkono.»

Nataka kueleza maneno mengine machache ya biashara hii, maana nimeona kwamba mateso mengi ya wanafunzi na ya watu waliokimbia vita yanapitia humo. Bei ni kubwa, ndiyo, na vyumba ni vichache. Hata hivyo mtu anaweza kupata chumba kwa bei anayoiweza na bado akapoteza pesa yake yote, kwa sababu yeye na mwenye nyumba walitumia neno moja kwa maana mbili.

Tuanze na huyo komisioneri. Dar es Salaam wangemwita dalali, neno lililotoka Uarabuni na kuzoeleka pwani yote. Sisi tulichukua neno la Kifaransa kutoka kwa Wabelgiji. Kazi ni ileile: anajua nani anahama kabla ya majirani kujua, na anauza habari hiyo. Anadai pesa ya kukutembeza, ambayo hairudi hata kama umeonyeshwa nyumba tano zilizokwisha kukaliwa, kisha anadai komisio siku ya kuingia. Nimekutana na makomisioneri waaminifu, mmoja hasa, mzee ambaye alikataa kunipeleka Vungi akisema, «Mutoto, ile nyumba inanyesha, utanitukana bure.» Wengine hawana funguo, hawana ruhusa ya mwenye nyumba, na wanachojua ni rangi ya mlango tu.

Maneno mengine yanatofautiana mji kwa mji, na mwanafunzi wa Kiswahili anayesoma vitabu vya Tanzania huchanganyikiwa. Kule anayekaa ni mpangaji na anacholipa ni kodi ya nyumba au pango. Kwetu ukisema kodi, mtu anafikiri serikali imekuja kudai. Sisi tunasema kwa urahisi «kulipa nyumba», na mtu asiyetuzoea anaweza kudhani tumeinunua. Kiswahili sanifu kinamtenganisha mpangaji na mpangishaji kwa silabi moja ndogo, ile -ish- ya kutendesha. Mitaani kwetu nimesikia kupangisha kikitumika kwa pande zote mbili, na anayezungumza anaeleweka tu kwa kuangalia nani ana ufunguo.

Lakini neno lenye uzito kuliko yote ni garanti.

Kwa maana yake ya asili garanti ni amana. Unamwachia mwenye nyumba pesa fulani ili, ukivunja dirisha au ukiondoka na deni, awe na kitu cha kushika; na ukitoka vizuri, anakurudishia. Hivyo ndivyo sheria inavyoielewa. Tazama sasa inavyofanya kazi kwetu. Mtu amejenga nyumba ya matofali ikafika kwenye madirisha, pesa ikaisha. Benki haimkopeshi mtu wa kawaida kwa riba anayoweza kuivumilia. Basi anaweka mabati, anamtafuta mpangaji, anamwomba garanti ya miezi sita au zaidi, na pesa hiyo inanunua saruji siku hiyohiyo. Kwa hiyo garanti si amana tena. Ni mkopo usio na riba, unaotolewa na aliye na kidogo kwa aliye na kiwanja. Ukitaka kutoka, pesa yako imekwisha kuwa ukuta. Mwenye nyumba hana namna isipokuwa kumngoja mpangaji mwingine, achukue garanti yake, akupe wewe. Ndiyo maana unaambiwa, «Ngoja wa kuingia apatikane.» Unaweza kungoja mwezi, unaweza kungoja mwaka, na wakati huo nyumba mpya unayoitaka nayo inadai garanti yake.

Wapangaji wametafuta dawa yao, nayo ina jina zuri: kula garanti. Ukijua unatoka, unaacha kulipa miezi ya mwisho mpaka garanti iishe. Kitenzi kula kimefanya kazi nyingi katika Kiswahili, kuanzia kula kiapo hadi kula hasara, lakini hapa kimeingia mahali pake hasa: pesa iliyokuwa imelazwa inaliwa, na mwenye nyumba anaona ameliwa yeye. Ugomvi mwingi niliousikia mitaani unaanzia hapo. Mmoja anasema «nakula haki yangu», mwingine anasema «unakaa bure».

Nifanye hesabu moja ya kweli, yangu mwenyewe. Nyumba niliyoonyeshwa Januari 2025, chumba na salo, ilikuwa ya dola 30 kwa mwezi. Garanti ya miezi sita: 180. Mwezi wa kwanza mbele: 30. Komisio: 30. Jumla dola 240 kabla ya kulala usiku mmoja, bila kuhesabu pikipiki na pesa ya kutembezwa. Garanti ingekuwa ya miezi mitatu, jumla ingeshuka hadi 150. Hizo 90 zilizozidi ndizo zilizokuwa ada ya dada yangu.

Na kwa kweli miezi mitatu ndiyo sheria. Sheria namba 15/025 ya tarehe 31 Desemba 2015, inayohusu upangaji wa nyumba usio wa kibiashara, inasema garanti ya nyumba ya kukaa isizidi malipo ya miezi mitatu. Si sheria ya Kinshasa peke yake. Ni ya nchi nzima, na inamhusu mwenye nyumba wa Matanda au wa Furu kama inavyomhusu wa Gombe. Nilipomtajia mwenye nyumba mmoja jambo hilo, alinisikiliza kwa adabu kabisa, kisha akasema: «Mwanangu, hiyo ni sheria ya Kifaransa.»

Nilicheka, na jioni nikaona kwamba alikuwa amesema neno lenye maana mbili. Labda alitaka kusema sheria ya wazungu, ya vitabuni. Lakini ni kweli pia kwa maana ya kawaida: imeandikwa kwa Kifaransa. Makubaliano ya nyumba hayafanywi kwa Kifaransa. Butembo yanafanywa kwa Kinande wakati wote wawili ni wa hapa, na kwa Kiswahili mmoja akiwa mgeni au wakitaka kuheshimiana kwa mbali kidogo. Kifaransa kinaingia kwa vipande tu: garanti, komisio, kontra, preavi. Maneno ya sheria yamehamia kwetu bila sheria yenyewe. Ni kama kupokea funguo na kuachiwa nyumba Kinshasa.

Hapa kuna jambo ambalo sisi wa fakiliti ya lugha tunapaswa kulijua kuliko wengine. Katiba ya 18 Februari 2006, katika kifungu cha 1, inaitaja Kiswahili kati ya lugha nne za taifa, pamoja na Kikongo, Kilingala na Kiluba. Kifungu cha 142 kinaendelea: serikali inahakikisha kwamba sheria inasambazwa kwa Kifaransa na kwa kila moja ya lugha hizo nne ndani ya siku 60 tangu ilipotiwa sahihi. Fanya hesabu. Sheria ya upangaji ni ya 31 Desemba 2015. Siku 60 zinatufikisha mwisho wa Februari 2016. Mimi nimeuliza kwenye ofisi ya mtaa, nimeuliza komine, nimeuliza rafiki anayesoma sheria. Hakuna aliyewahi kuishika nakala ya Kiswahili.

Kuitafsiri si kazi nyepesi, nimejaribu kurasa chache. Kifaransa kinawaita wahusika «anayetoa» na «anayechukua». Kiswahili sanifu kinatoa mpangishaji na mpangaji, lakini msomaji wa Bulengera atakosea silabi ile niliyoisema. Mwenye nyumba ni wazi zaidi, ila neno mwenye linambeba mtu aliye nayo tu, hata kama amepewa na kaka yake aliye Kampala aiangalie, na wapangaji wengi hapa hawajawahi kumwona mmiliki wa kweli. Na preavi? Tanzania na Kenya wanasema notisi. Kwetu notisi ina maneno mawili, yanayosemwa uani bila tarehe wala karatasi: «Tafuta nyumba.» Anayeambiwa hivyo asubuhi hajui kama ana wiki au miezi. Ningependa mhadhiri mmoja atupe zoezi hili la tafsiri badala ya lile la kila mwaka.

Sasa swali ambalo mwenye nyumba anauliza kabla ya kutaja bei: «Muko wangapi?»

Nilifika Butembo kutoka Kipese mwaka wa 2023, mwanafunzi mmoja na godoro moja, na swali hilo halikunisumbua. Nilijibu «niko peke yangu» nikapewa chumba cha dola 20. Kipese ni kwetu juu, penye baridi, viazi na poro. Nyumba hailipwi, inajengwa, na kijana anayetaka kuoa anapewa mahali na baba yake. Mama yangu mpaka leo haelewi vizuri kwa nini mtu alipe kila mwezi kitu ambacho hakitakuwa chake.

Halafu vita ikapanda. Mwishoni mwa Juni 2024 M23 waliingia Kanyabayonga, kisha Kirumba. Desemba wakafika Alimbongo, na barabara ya Lubero ikajaa watu wenye mabunda kichwani. Mama alifika kwangu na wadogo zangu wanne na shangazi. Usiku wa kwanza tulilala saba katika chumba cha mmoja. Usiku wa tatu mwenye nyumba alikuja akasimama mlangoni, akaturudishia pole zake, maana hakuwa mtu mbaya, kisha akasema choo cha uani kilichimbwa kwa watu kumi na sasa tunazidi ishirini. Alikuwa na haki. Na mwisho akasema: «Tafuta nyumba.»

Kuanzia hapo «Muko wangapi?» likawa swali lingine. Ukisema saba, nyumba «imeshatoka». Ukisema watatu, utaonekana mwongo siku ya kuingia. Neno mkimbizi lilianza kutumika kwetu pia, ingawa kwa sheria za kimataifa mkimbizi ni aliyevuka mpaka, na sisi tulikuwa tumetoka wilaya yetu kwenda mji wa wilaya yetu. Mashirika yanasema «deplase». Komisioneri mmoja alinishauri kwa upole nimwache mama nyumbani nikienda kuona nyumba, kwa sababu akizungumza tu, Kinande chake cha kusini kitawaambia tumetoka wapi, na kwamba tutaongezeka. Watu wa Beni wanaijua habari hii zamani. Tangu mauaji ya Oktoba 2014 familia za vijijini zimekuwa zikiingia mjini kila msimu, na kila aliye na chumba cha ziada ameulizwa.

Wenye nyumba nao wana kumbukumbu zao. Wakati wa Ebola, tangu Agosti 2018 hadi Juni 2020, watu wa riposti walihitaji nyumba za kulala na za ofisi, na wakalipa kwa dola bila kubishana. Mpaka leo yupo atakayekutajia bei na kuongeza, kama anayekumbuka mpenzi wa zamani, kwamba «wale wa Ebola» walitoa mara mbili.

Nirudi kwenye chumba cha dola 20, kwa maana hapo ndipo nilipolipa gharama ya neno. Mwaka wa 2023 nilitoa garanti ya miezi sita, dola 120, na mwenye nyumba, kwa mkono wake, akaniandikia kwenye karatasi ya daftari la shule: «Nimepokea dola 120 za nyumba.» Tarehe, sahihi. Niliikunja nikaiweka ndani ya kamusi. Nilikuwa nikilipa 20 kila mwezi, mkononi, bila karatasi, kama wote uani walivyofanya. Siku ya kutoka nilidai garanti yangu. Akasema garanti ipi? Zile 120 zilikuwa malipo ya nyumba ya miezi sita ya kwanza, na zilikwisha zamani. Pesa za kila mwezi za miezi hiyo sita hakuzikumbuka. Nikatoa karatasi, nikiwa na hakika. Akaisoma kwa sauti, pole pole: za nyumba.

Tulikwenda kwenye ofisi ya makazi ya komine, ile tunayoiita Abita, ambayo ndiyo hupokea ugomvi wa namna hii kabla haujafika mbali. Afisa alitusikiliza wote wawili. Aligeuza karatasi, akaangalia nyuma kama kuna kitu, akaniuliza: «Za nyumba, ni za nini?» Nilikuwa nimeandika kazi nzima ya semina juu ya kihusishi -a, kwamba kinaweza kuonyesha mwenye kitu, sababu, matumizi, asili, nilipata alama nzuri. Za nyumba inaweza kuwa malipo ya kukaa, inaweza kuwa amana, inaweza hata kuwa pesa ya kutengeneza paa. Hapo mbele ya afisa sikuwa na la kuongeza. Alitushauri tugawane. Nilirudishiwa dola 60, kwa mafungu mawili.

Ile nyumba ya dola 30 hatukuichukua. 240 hatukuwa nazo. Tuliyopata mwezi wa pili ni ya mbao, upande wa Rughenda, dola 25, maji yako, kwa maana kamili ya -ko. Mwenyewe ni mama mjane, alituuliza tuko wangapi, mama yangu akajibu yeye mwenyewe kwa Kinande chake cha kusini bila kuogopa, na yule mjane akasema hata yeye kwao ni huko. Alikubali miezi mitatu. Safari hii niliandika mimi, nakala mbili: «Dola 75 ni garanti ya miezi mitatu. Si malipo ya mwezi wowote. Zitarudishwa siku ya kutoka.» Dada yangu alimsomea. Alisikiliza mpaka mwisho, akaomba nirudie sentensi ya tatu, akasema hapo kwenye «siku» tuweke «wakati».

Nilieleza kwamba siku ni siku moja, na wakati unaweza kuwa mrefu. Akasema, «Ndiyo, mwanangu, nimesikia.» Mvua ilikuwa imeanza, na magodoro yalikuwa bado juu ya chukudu. Niliandika «wakati».